Mgeni Aliyekuja na Mkewe

Huku Simbo, nyuma ya Ujiji, mahali ambapo barabara ya Ilagala na Kalya inachepuka kuelekea kusini, mgeni haulizwi kitambulisho kwanza. Huanza salamu, na salamu za Waha hazina haraka. Mwakeye, kisha habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mvua, kila moja ikingoja jibu lake. Mgeni huketishwa kwenye kigoda au mkekani, maji ya kunywa huletwa, na mazungumzo yakishapata moto ndipo mzee wa mji huuliza lile analotaka kulijua hasa: na mama yuko wapi? Mwanamume aliyekuja peke yake atakula na atalazwa, hakuna atakayemnyima. Ila huhesabiwa kuwa mpita njia. Aliyekuja na mkewe ndiye anayeambiwa mambo ya mji.

Sababu yake iko jikoni. Wanaume hula pamoja barazani au sebuleni, wanawake na watoto hula upande wa uani, na mke wa mgeni huchukuliwa huko mapema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini jikoni siku ya tatu haingojwi. Saa ya kwanza tu mama mgeni ana ungo wa maharage mapajani, anachambua na wenzake huku sufuria ya mawese ikianza kunukia kwenye mafiga. Hapo ndipo anapojua nani anaumwa, binti wa nani kaposwa, nani hasemezani na nani na tangu lini. Mumewe huko barazani bado anaelezwa bei ya dagaa. Usiku wawili hao wakikutana chumbani, mwenye habari ni mke.

Niliikumbuka desturi hii nilipokuwa nasoma habari za wamisionari wazee, mke na mume, wanaotumwa siku hizi katika nchi za Balkani. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lina utaratibu huo: watu waliokwisha kustaafu, ambao watoto wao wanajitegemea, huenda wawili wawili Albania, Kroatia, Serbia na kwingineko, gharama zikiwa juu yao wenyewe, kwa miezi kadhaa hadi karibu miaka miwili. Wanafundisha, wanatembelea wagonjwa, na siku za mapumziko wanazunguka kutazama nchi. Wangekuja Simbo wangepokelewa vizuri sana. Mvi ni hati ya kusafiria huku, na mvi mbili zilizozeeka pamoja ni zaidi ya hapo. Ila ufuko huu ulipata wamisionari wenye wake zao zamani mno, wakati ambapo mtu hakuja Ziwa Tanganyika kumalizia ustaafu. Wengi walikuja wakiwa vijana, na wengi hawakufika uzee.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Chama cha Wamisionari cha London kilifikisha watu wake Ujiji Agosti 1878. Mchungaji J. B. Thomson alifariki Septemba hiyohiyo. Mwaka uliofuata akafika Arthur Dodgshun, naye akafa siku chache tu baada ya kuona maji ya ziwa. Aliyebaki akadumu ni Edward Coode Hore, baharia kwa kazi yake, ambaye hakuwa mchungaji. Alipima ziwa, akachora pwani zake, na mwaka 1879 akathibitisha kwamba Mto Lukuga unatoa maji ya Tanganyika kuelekea magharibi, jambo ambalo wasafiri walikuwa wakibishania. Mkuu wa Ujiji wakati huo, Mwinyi Kheri, na matajiri wenzake waliwatazama Waingereza hawa kwa jicho la pembeni. Mji ulikuwa unaishi kwa pembe na watumwa, na wageni hawa walitoka katika taifa lililokuwa limeshamlazimisha Sultani wa Unguja kufunga soko la watumwa. Wanaume peke yao, wanaandika kila kitu, hawanunui pembe, hawaoi. Ungekuwa wewe ungewafikiriaje?

Ujiji wa siku hizo haukuwa mji wa watu wa aina moja. Wajiji wenyewe, ambao ni Waha wa ufukoni, walikuwa na watware wao, yaani wakuu, na wateko waliosimamia ardhi na matambiko yake. Waarabu na Waswahili walikuwa na nyumba za udongo zenye baraza. Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa walizidi kuongezeka. Sokoni mawese, chumvi ya Uvinza, samaki na mihogo vilinunuliwa kwa shanga zilizoitwa sofi. Watu wa kila upande walikuwa na adabu zao za kula, kuoa na kuzika, ila katika moja walikubaliana: mtu mzima asiye na mke wala mtoto bado hajasimama. Hawezi kumpa binti wa watu shauri, hawezi kuweka amani kati ya wagomvi.

Hore alioa mwaka 1881 alipokuwa Uingereza. Mkewe, Annie Boyle, alifika Ujiji Januari 1885 pamoja na mtoto wao wa kiume, Jack, ambaye alikuwa bado mdogo wa kubebwa. Walitoka pwani ya Bahari ya Hindi wakatembea yapata miezi mitatu. Annie alitengenezewa kiti cha magurudumu cha kule kwao, cha kusukumwa barabarani, lakini njia za Ugogo na Unyamwezi hazikuwa barabara. Kikafungwa kwenye miti, wapagazi wakakibeba mabegani kwa kupokezana, kikawa machela. Baadaye Annie aliandika kitabu kidogo juu ya safari hiyo, kilichotoka 1886, na jina lake linakitaja kile kiti. Waingereza wanapenda kufanya mzaha na shida zao, hiyo ni desturi yao. Lakini fikiria mwanamke ameketi ndani ya kiti kinachoyumba, mtoto miguuni, siku baada ya siku, kijiji baada ya kijiji watu wakimiminika kutazama. Wazungu wanaume walikuwa wameshapita wengi katika njia ile. Mzungu mwenye titi na mtoto alikuwa jambo jipya.

Hapa ndipo ninapoona kwamba waandishi wengi wa historia ya ziwa hili wamepima vibaya. Wanaandika kurasa nyingi juu ya boti: Calabash, kisha Morning Star iliyokokotwa kwa mikono kutoka pwani, kisha meli ya Good News iliyokuja vipande vipande kupitia Ziwa Nyasa ikashushwa majini mwaka 1885. Ni kazi kubwa, sikatai. Lakini kwa macho ya mwanamke Mjiji boti ilikuwa chombo cha wanaume na biashara zao. Mtoto anayelia usiku kwa homa anajulikana na kila nyumba. Kwa desturi yetu mwanamke akishazaa, jina lake la kwao hupumzishwa, akaitwa kwa mtoto wake. Annie Hore, kwa hesabu ya majirani, alikuwa Mama Jack, na Mama Jack ana haki ambazo bibi wa Kizungu hana. Anaweza kuulizwa anamnyonyesha mtoto kwa muda gani, anampa dawa gani, na kwa nini hana mwingine. Pia anaweza kukosolewa, na kukosolewa ni dalili kwamba umeshapokelewa.

Yako mambo ambayo lazima yaliwashangaza watu. Mke na mume wa Kiingereza walikula meza moja, wakitazamana, na wageni wa kiume wakiwa hapohapo. Kwa kizazi cha babu zetu hilo lilikuwa karibu na aibu, maana mkwe na mamamkwe hawakuweza hata kupishana njiani bila mmoja kuchepuka, sembuse mwanamke kutafuna mbele ya wanaume. Upande wa pili, Waingereza waliona mwanamke Mjiji akirudi shambani na mzigo kichwani na mumewe ametangulia mikono mitupu isipokuwa mkuki, wakaandika maneno makali kuhusu wanaume wavivu. Hawakuona kwamba mikono mitupu ile ndiyo iliyokuwa ulinzi. Kila upande ulimhurumia mwanamke wa upande wa pili. Huruma hizo mbili ndizo zilizowapa wanawake hao la kuzungumza.

Hawakukaa Ujiji. Misheni ilihamia kisiwa cha Kavala, karibu na ufuko wa Uguha, upande ambao leo ni Kongo. Huko Annie alikusanya wanawake na wasichana akawafundisha kusoma na kushona, huku mumewe akiwa safarini ziwani au kitandani kwa homa. Mwaka 1888 afya ya Hore ilikuwa imeharibika, wakarudi Uingereza. Jack alifariki huko mwaka 1889. Alikuwa amebebwa kutoka pwani hadi ziwani akiwa mtoto mdogo, amelelewa kisiwani kati ya mbu na dhoruba za ziwa, akaja kufa kwao. Wazazi wake baadaye walihamia Tasmania. Hore aliandika kitabu chake kuhusu miaka kumi na moja aliyokaa huku, kikatoka 1892, na ndicho wanachuoni wanachokitaja hadi leo.

Mapadri Weupe walifika Ujiji Januari 1879, nao walikuja kwa mtindo mwingine kabisa: mapadri na mabruda, wasio na wake kwa nadhiri. Walikomboa watoto waliotekwa, wakawalea. Tendo jema, lakini katika ufuko ambapo mtoto ni wa ukoo kabla hajawa wa mtu yeyote, mwanamume asiye na mke mwenye nyumba iliyojaa watoto wa wengine ni kitendawili. Mei 1881 huko Rumonge, kaskazini, watu watatu wa misheni hiyo waliuawa katika ugomvi ulioanzia kwa mtoto waliyekuwa wamemkomboa. Sisemi kwamba mke angewaokoa. Nasema hawakuwa na mtu wa kuketi jikoni akasikia ugomvi ungali mdogo.

Labda ndiyo maana watu wa pembeni mwa misheni hiyo, waliooa, ndio waliotia mizizi. Kapteni Léopold Joubert, askari Mfaransa aliyekuja Mpala, ng'ambo ya ziwa, kuwalinda wanakijiji dhidi ya wawindaji wa watumwa, alimwoa Agnes Atakao mwaka 1888, akazaa, akazeeka na kufa huko mwaka 1927 bila kurudi kwao. Na Karema, upande wetu wa ziwa, alikuwepo Adrian Atiman.

Habari za Atiman zinastahili kujulikana na kila mtoto wa Kigoma na Katavi. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa angali mtoto, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe katika jangwa la Sahara. Wakampeleka Malta akasomea utabibu. Mwaka 1889 akafika Karema akiwa katekista na daktari, Mwafrika aliyetumwa kuwatumikia Waafrika ambao hakujua lugha yao wala chakula chao. Alimwoa Agnes Wansahira, mwanamke wa huku. Kuanzia hapo hakuwa mgeni tena, kwa sababu alikuwa na wakwe. Mtu mwenye wakwe ana mahali pa kukaa msibani, ana watu wa kumtetea na watu wa kuwaogopa, ana shemeji wa kumtania. Dawa zake za chupa alizitumia pamoja na mitishamba aliyojifunza huku, na mitishamba hafundishwi mtu asiye jamaa. Mwana wao Joseph akawa padri. Atiman alitibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956, baada ya zaidi ya miaka sitini na mitano ufukoni.

Leo anayebeba mzigo ule wa kuketi jikoni na wenzake huku Buha, nchi ya Waha, ni mama mchungaji. Waanglikana wana Dayosisi ya Western Tanganyika yenye makao Kasulu tangu 1966, askofu wake wa kwanza akiwa Musa Kahurananga, na makanisa ya Kipentekoste yako karibu kila kijiji. Mchungaji hupangiwa kituo na kanisa lake, lakini kijiji humpima mkewe. Msiba ukitokea, wanaume hukaa nje kwenye moto usiku kucha, wakizungumza taratibu. Wanawake hulala ndani mkekani na mfiwa. Mama mchungaji asipolala na wenzake pale chini, kanga kiunoni, mahubiri ya mumewe Jumapili yatasikilizwa kwa adabu tu. Akilala, hata Waislamu wa mtaa wa pili watamwita mumewe baba. Na mshahara hana. Kazi hiyo haimo katika barua yoyote ya uteuzi, jambo ambalo makanisa yangelifikiria upya yangetenda haki.

Pale Ujiji kuna kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, sanamu zao wawili wakivuliana kofia, na mwembe ambao mgeni huonyeshwa kuwa mrithi wa ule waliokutana chini yake mwaka 1871. Watalii hupiga picha, na ni haki yao. Lakini hao walikuwa wanaume wawili wapweke: Livingstone alikuwa amemzika mkewe Mary kando ya Zambezi mwaka 1862, na Stanley alikuja kutafuta habari za gazeti, akaondoka baada ya miezi michache. Kwa kipimo cha mzee wa Simbo, wote wawili walikuwa wapita njia. Mwenye kutaka kujua wamisionari waliishije na watu wa ziwa hili asiishie mwembeni Ujiji. Apande chombo aende kusini mpaka Karema, na akifika aulize kwanza habari za Agnes Wansahira.