Ukiamka uone giza mchana, hiyo si hangova

Jumamosi unaijua. Mbogi imejaa kejani, Wote ama Kitui mjini, kila mtu ametoa hamsini, na mmoja anatumwa alete "kitu kali". Analeta chupa haina hata lebo. Nani huuliza imetoka wapi? Mimi pia sikuwa nauliza.

Lakini sisi wa Ukambani tuna sababu ya kuuliza. Mei 2014, pombe ya bei rahisi iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Wengine walipona lakini macho yakaenda. Nilikuwa shule ya msingi, na bado nakumbuka wazee wakisimulia kuhusu jirani aliyeamka akiuliza mbona stima imepotea. Jua lilikuwa limewaka nje.

Methanoli ni spiriti ya viwandani. Haina rangi, na ladha yake inakaribia ile ya pombe ya kawaida, kwa hivyo usijidanganye ati ulimi wako utaijua. Ukishaimeza, ini linaigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho. Vijiko viwili vya chai vinaweza kukupofusha.

Ubaya ni kwamba haina haraka. Usiku unahisi umelewa tu. Mara nyingi dalili kali huja saa 12 hadi 24 baadaye: kichwa kinagonga, tumbo linakata, unatapika, unahema mbiombio, macho yanaona ukungu. Wewe unasema ni hangova, unavuta blanketi. Hapo ndipo watu hufia.

Kwa hivyo, msee akilalamikia macho baada ya keroro, usimwambie alale. Usimpe "ya kutoa loki" pia. Mpeleke hospitali mara moja, beba na ile chupa, na useme ukweli alichokunywa. Kuna dawa ya kuzuia sumu hiyo na mashine ya kusafisha damu, lakini zinasaidia zaidi ukifika mapema. Wengine mliokunywa naye nanyi mpimwe, hata kama mnajisikia fiti.

Pombe ikikulemea, piga 1192, laini ya NACADA. Ni bure.

Sikuhubirii. Jumamosi bado nitakuwa kejani. Lakini chupa isiyo na lebo ikifika, itanipita. Hamsini yangu nitanunulia chapo.