Pasaka Nyumbani: Mazoea, Desturi na Mila

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, Pasaka ijapo, nyumba zote hazifanani. Jirani mmoja huondoka alfajiri na wanawe kwenda kanisani. Mwingine, ambaye hakubatizwa, au aliyekwisha kuacha kusali, hubaki nyumbani. Wazazi hao wana haki ya kukaa kwao, lakini watoto wao wadogo husimama ugani wakiwatazama wenzao waliovaa nguo mpya, nao huuliza, "Na sisi je?" Je, yafaa nyumba isiyo na ibada iwe na desturi zake siku hizo? Twaona yafaa, ila kwanza tuyapime maneno.

Mila ni jambo lililopokewa kwa wazee. Ukoo mzima huliangalia, wala mtu mmoja hawezi kulitunga. Desturi ni jambo ambalo watu wamekubaliana kulifuata. Mazoea ndiyo mwanzo wake, yaani jambo lililozoeleka kwa kurudiwa. Basi mzazi asijidai kuwatungia wanawe mila; na aanze na mazoea machache, ayarudie vile vile kila mwaka. Mtoto wa miaka minne hushika upesi, na mwaka wa pili yeye ndiye atakayewakumbusha wakubwa.

Neno Pasaka asili yake ni Kiebrania, Pesach, likapitia Kiyunani. Nayo sikukuu hiyo ya Wayahudi tangu kale hufanywa nyumbani, na kwa desturi mtoto mdogo kuliko wote ndiye aulizaye kwa nini usiku ule si kama nyingine. Kwa hiyo swali la mtoto si utovu wa adabu. Apewe jibu la kweli: kwamba jirani zetu wanakumbuka kufufuka kwa Yesu, na sisi siku hii twakaa pamoja. Asifundishwe kuwacheka, wala ibada ya watu isiigizwe kwa mchezo.

Pasaka hufuata mwezi: ni Jumapili iliyo baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baadaye. Ndiyo sababu mwaka 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi, na mwaka 2025 tarehe 20 Aprili. Watoto na watolewe nje kila jioni isiyo na mawingu, wautazame ukikua. Kungoja huko ni nusu ya sikukuu.

Tena kuna yai. Zamani Ulaya mayai yalikatazwa wakati wa Kwaresima, kuku wasiache kutaga, hata Pasaka yakawa mengi. Hivyo yakapakwa rangi na kupewa watoto. Huku kwetu maganda ya vitunguu yachemshwapo pamoja na mayai huyatia wekundu wa kahawia, wala hapana haja ya kununua rangi dukani. Makabila mengi ya Afrika Mashariki yaliwakataza wanawake na watoto kula mayai. Bibi akinung'unika, asibishiwe mbele ya wajukuu.

Mwisho ni mbegu, maana masika huwa yameanza. Jumatatu ya Pasaka, ambayo ni siku ya mapumziko nchini, kila mtoto apande mbegu mbili tatu za maboga mahali ambapo ng'ombe hawapiti. Majani ya kwanza yapelekwe kwa bibi kuwa mboga, naye alipe usiku kwa vitendawili vya Kikuria au Kingoreme, ambavyo watoto wengi wa mjini Mugumu hawavijui tena.