Mwenzako akianguka kifafa

Ndugu, kifafa si uchawi, na povu la mgonjwa haliambukizi. Umeme wa ubongo umezidi. Lakini ubongo una breki, kama lori kwenye mteremko: vitu vidogo, mfano dainofini, vinaingia katika vipokezi vya chembe kama ufunguo katika kufuli, na kuzituliza. Breki hizo husaidia mshituko kuisha wenyewe baada ya dakika chache. Kumbana mikono au kumtia kijiko mdomoni ni kumuumiza bure. Ondoa mawe na vyuma, mlaze ubavu, tazama saa. Zikipita dakika 5, mbio hospitali.

Fenobarbitali usiiache ghafla, hata ukijisikia mzima.

Na wewe unayeficha ugonjwa kwa kuogopa kufukuzwa, ngazi ya shimoni haijui siri. Njoo dispanseri. Kituo cha SOSAME, hapa Bukavu, pia kinapokea wenye kifafa.