Mwanasoka Chipukizi na Daraja ya Pili (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza jinsi kijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe anavyojifunza kandanda, kwanza kwa mpira wa matambara uchochoroni, kisha kwa mashindano ya mitaa ambayo watazamaji wake humjua kila mchezaji na babake. Tukaishia pale ambapo kijana aliyekwisha kuwashinda wa rika lake wote hujiona, yeye na jamaa zake na wanaomshangilia, kuwa amestahili kupanda moja kwa moja hadi Ligi Kuu ya Kenya. Leo twataka kuitazama ile daraja anayotamani kuiruka, nayo ni Ligi ya Taifa ya Supa, ambayo ndiyo daraja ya pili kwa ngazi, chini ya Ligi Kuu na juu ya ligi iitwayo Daraja ya Kwanza. Kwani rai yetu ni kwamba msimu mmoja kamili katika ligi hiyo humfaa kijana wa miaka 18 au 20 kuliko misimu miwili ya kukaa benchi katika klabu yenye jina kubwa.

Sababu ya kwanza ni watu atakaopambana nao. Mtaani, kijana hodari aghlabu hucheza na wenzi wa umri wake. Ama katika daraja ya pili hukutana na watu wa namna mbili kwa wakati mmoja, vijana wanaopanda kama yeye, na watu wazima waliokwisha kucheza Ligi Kuu miaka mingi, ambao mbio zimewapungua ilhali maarifa yao yamezidi. Beki wa namna hii hamkimbizi mshambuliaji; humngoja pale anapojua mpira utafika, akamsukuma kwa bega kabla hajautuliza, akamshika jezi refa anapogeuka, na ile chenga iliyowababaisha mabeki wote wa Mtongwe na Mikindani humdanganya mara moja tu, kwani mara ya pili huwa keshaisoma. Kijana aliyeshindwa hivyo Jumamosi hana budi kutafuta hila nyingine kabla ya Jumamosi ifuatayo, na huko kutafuta ndiko kujifunza.

Sababu ya pili ni uzito wa matokeo. Katika mechi za kirafiki na za timu za akiba, bao likikosekana hapana mtu atakayelala njaa; lakini katika ligi ambayo pointi tatu huamua nani apande na nani ashuke, mlinda lango mwenye watoto wanne hamsamehe kwa wepesi kijana aliyepoteza mpira kwa mbwembwe mbele ya lango lake. Fauka ya hayo kuna safari za basi kutoka Pwani hadi bara, usiku kucha, na kesho yake mchezo katika kiwanja kigumu mbele ya watu wasiokutakia heri. Mambo hayo hayafundishwi mazoezini, hata awe kocha bingwa kiasi gani.

Mfano ulio dhahiri tunao katika Mkenya mwenzetu Michael Olunga. Klabu yake ya Kijapani, Kashiwa Reysol, iliposhushwa daraja mwisho wa mwaka 2018, alibaki nayo, akacheza msimu wa 2019 katika ligi ya pili ya Japani na kufunga mabao 27, manane kati ya hayo katika mechi moja, siku ya tarehe 24 Novemba, Kashiwa ilipoishinda Kyoto Sanga 13 kwa 1. Mwaka uliofuata, klabu ikiwa imerejea juu, alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya huko, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa mwaka. McDonald Mariga naye alicheza na Parma katika Serie B ya Italia msimu wa 2008/2009, akapanda nayo, na mwaka 2010 akachukuliwa na Inter.

Wamarekani, katika mchezo wao wa besiboli, wameufanya utaratibu huu kuwa kanuni. Kila moja ya klabu zao kuu 30 ina timu yake katika ngazi iitwayo Triple-A, ambako chipukizi huchanganywa na wakongwe, huitwa juu pakitokea nafasi na kurudishwa chini wakihitaji kunolewa zaidi. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alitia sahihi na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akapanda ngazi hizo moja baada ya nyingine, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa Mwafrika wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya mchezo huo, na katika zamu yake ya kwanza ya kupiga akaupiga mpira vema.

Lakini ni insafu kutaja tofauti iliyopo. Timu ile ya Marekani imefungamana na klabu kubwa, na kazi yake ya kwanza ni kuikuzia vijana. Klabu yetu ya daraja ya pili hujitegemea, nayo ikikabiliwa na hatari ya kushuka, kocha humweka mkongwe na kumwacha chipukizi nje. Basi faida tuliyoitaja haiji kwa kusajiliwa tu, bali huja kwa kucheza. Klabu kama Bandari, iliyorejea Ligi Kuu mwaka 2013 ikitoka madaraja ya chini, na ambayo mwaka 2019 ilitwaa kombe la taifa, ingefanya jambo la hekima kuwatoa vijana wake kwa mkopo kwa klabu jirani za daraja ya pili, kwa sharti lililoandikwa kwamba watachezeshwa, na kuwarudisha msimu ukiisha.

Wala hatusemi kijana akae huko milele. Msimu mmoja ni darsa, miwili yaweza kuwa lazima, lakini akipitisha mitano huku hapana anayemwita juu, yapasa yeye na wazee wake watafakari upya. Kwa hivyo mzazi wa Kisauni anayefikiwa na wakala mwenye maneno matamu asiulize kwanza jina la klabu, bali aulize mwanawe atacheza dakika ngapi, katika nafasi gani, na nani atamwangalia. Majibu ya maswali hayo huwekwa katika mkataba, na mkataba ndio utakaokuwa maudhui yetu juma lijalo, inshallah.