Dakika 35 za New York

Mwaka 1970, marathoni ya New York iliandikisha wakimbiaji 127 kwa ada ya dola 1. Walizunguka bustani ya Central Park, na 55 tu ndio waliomaliza. Mwaka 2024 waliomaliza walizidi 55,000.

Tupige hesabu. Chukulia barabara yenye upana wa mita 9. Anayekimbia kilomita 10 kwa saa anasogea karibu mita 2.8 kila sekunde, na ili asikanyagwe visigino tumpe mita 2 za mraba. Hapo watapita watu 12 hivi kwa sekunde, kama 750 kwa dakika. Watu 55,000 watachukua dakika 73, tena wakipita mfululizo. Ukiwaachia wote kwa mpigo, wengi watatembea.

Ndiyo maana mwaka huo waliachiwa kwa mikupuo mitano, kila baada ya dakika 35. Watu 11,000 wa mkupuo mmoja wanapita pale kwa dakika 15. Hizo nyingine 20 ni za nini? Ni kwamba hawabaki pamoja. Ukichanganya anayetumia dakika 5 kwa kilomita na anayetumia 8, wakifika kilomita ya 13 wameachana kwa dakika 39, na wepesi wa mkupuo wa pili wameshaukuta mkia wa ule wa kwanza.

Hapo kalamu na karatasi zinashindwa. Kompyuta inampa kila mkimbiaji wa kubuni kasi inayotokana na matokeo ya miaka iliyopita, inawaachia wote, kisha inaonyesha wanaposongamana. Badilisha mpangilio, waachie tena. Mbio zenyewe zinakupa jaribio moja tu kwa mwaka.

Hata kusogea kwenda mstarini kuna kanuni yake. Nicolas Bain na Denis Bartolo, waliochunguza umati wa marathoni ya Chicago na kuchapisha mwaka 2019, waliona kwamba mwendo hurudi nyuma kwenye foleni kwa kama mita moja kila sekunde. Foleni ikiwa ya mita 200, wa mwisho ananyanyua mguu dakika tatu na ushee baada ya wa mbele.

Kilicho ghali ni saa, si kompyuta. Mkupuo wa mwisho uliondoka saa 5:30 asubuhi, na mwanzoni mwa Novemba jua la New York huzama kabla ya saa 11 jioni. Anayehitaji saa sita anamaliza gizani. Ukiongeza dakika 5 kila pengo, huyo anachelewa dakika 20 zaidi, na njia panda zinabaki zimefungwa. Mimi ningeanza na kuwapanga watu kwa kasi waliyowahi kukimbia kweli, si ile wanayojitangazia. Hilo haliongezi hata dakika moja.