Sweta ya Shule na Hesabu ya Vitanzi Vyake

Wengi hudhani kuwa vazi huzaliwa pale linapochorwa; walakini kwa sweta za shule zinazouzwa Kericho na Bomet mchoro ndio kazi nyepesi, maana rangi imekwisha kuamuliwa na shule, na linalobaki kwa fundi, kabla hajaigusa mashine yake ya kufumia, ni kuijua hali ya hewa ya nchi ile na mwili wa mtoto atakayelivaa vazi lake.

Mji wa Kericho umo mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua yake aghalabu hunyesha alasiri, wakati watoto wanaporejea nyumbani kwa miguu baina ya mashamba ya chai; kwa hiyo fundi huchagua uzi wa akriliki, ambao ni rahisi kwa bei na hukauka upesi kuliko sufu, ingawa sufu ikilowa huhifadhi joto zaidi.

Kisha hufuma kipande kidogo cha mraba, akakifua, akakianika, ndipo akahesabu vitanzi vilivyomo katika inchi moja. Hapa ndipo ilipo roho ya kazi yote. Tuseme inchi ina vitanzi 7: sweta ya inchi 28 kifuani itataka vitanzi 196, yaani 98 mbele na 98 nyuma, mbali na nafasi ya shati la ndani. Iwapo uzi umelegea mashinani, hata inchi ikawa na vitanzi 6 na nusu, basi vitanzi vile vile 196 vitatoa sweta ya inchi 30 na ushei, na mama aliyeinunua atamlaumu mwenye duka kwa namba iliyoandikwa shingoni, hali kosa lilitendeka siku nyingi kabla.

Sweta ya sampuli huvishwa mtoto, akaambiwa ainue mikono na ainame. Ikikubalika hutungwa saizi nyingine, wala haifai kuongeza kila upande kwa kadiri moja, kwani mikono ya mtoto hurefuka upesi kuliko kifua kinavyopanuka. Fundi mwema, nami namsifu kwa hilo, huacha mkono mrefu wa kukunjwa. Vipande huunganishwa, vikapigwa pasi kwa hadhari kubwa, maana akriliki ikiunguzwa hulegea milele.

Shule hufunguliwa Januari, na bonasi ya majani chai kwa desturi humfikia mkulima mdogo mnamo Oktoba. Mwenye duka anayetaka kuuza fedha zingalipo mikononi mwa wazazi hana budi kuagiza mapema, kwa mtaji wake mwenyewe. Na kwa kuwa sweta yenye mistari ya shule moja haiuziki kwa shule ya pili, huuliza kwanza idadi ya wanafunzi wapya wanaotarajiwa, akaagiza saizi ndogo kwa wingi, na zile kubwa akaziacha zifumwe mzazi akishalipa arubuni.