Chupi za Sufu na Suala la Tahara

Mjukuu wangu wa kike alipotimiza miezi miwili, mapaja yake yalichubuka kama aliyemwagiwa maji moto. Nepi zake za kitambaa mamake akizibadilisha kila mara, lakini juu yake akimvika chupi ya plastiki ili mkojo usipite. Plastiki huzuia mkojo, ni kweli, lakini huzuia na hewa pia, na kwa joto letu la Mombasa mtoto huwa kama aliyepikwa kwa mvuke.

Binti yangu ndiye aliyeniletea habari ya chupi za sufu. Msomaji asichanganye: si ile sufi ya mti tutiayo mitoni, ni sufu ya kondoo. Nilicheka. Sufu, Mombasa, mwezi wa Machi! Lakini mimi ni mtu wa cherehani tangu usichana wangu, nikaona kujaribu si dhambi.

Nilikwenda Kongowea kwenye mitumba nikachagua sweta kuukuu. Kuijua sufu halisi, chomoa uzi mmoja uuchome. Ikinuka nywele zilizoungua na majivu yakasagika vidoleni, ni yenyewe. Nailoni huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Nilizifua sweta zangu kwa maji moto na sabuni, nikazisugua kwa makusudi mpaka zikarudi na kushikamana, kitambaa kikawa kizito kisichofumuka kikikatwa. Kiwiliwili cha sweta ndicho chupi yenyewe. Mapindo ya mikono, kwa kuwa yavutika, huwa mikanda ya mapaja na kiuno.

Kisha hutiwa mafuta ya sufu, yaitwayo lanolini, ambayo wengine huyajua kwa kupakwa chuchu za mama anyonyeshaye. Kijiko kidogo huyeyushwa katika maji moto yenye sabuni kidogo, yakaachwa yapoe yawe vuguvugu, chupi ikarowekwa na kuanikwa kivulini. Sufu hunywa unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla ya mkono kuhisi imerowa, na huutoa nje polepole. Mapaja ya mtoto yakapona.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Binti yangu alikuwa ameambiwa kwamba chupi ya sufu haifuliwi kila siku. Huanikwa tu, na harufu ikaondoka. Kweli huondoka, nimenusa mwenyewe. Siku moja mavyaa wake alikuja kututazama, akaiona kambani, akauliza. Alipoelezwa akasema, "Harufu imeondoka, mwanangu. Na najisi je, imekwenda wapi?" Akakataa kumpakata mtoto kabla ya kuswali alasiri. Binti yangu alilia, na kwa wiki nzima simu ya mavyaa ikipokewa na mimi.

Sikupenda namna alivyosema mbele ya watu, lakini kwa jambo lenyewe nilikuwa naye. Kwa madhehebu ya Shafi, tuifuatayo wengi wetu pwani, mkojo wa mtoto mwanamume asiyetimiza miaka miwili na asiyekula ila maziwa hutosha kunyunyiziwa maji mpaka yakaenea mahali pake. Wa mtoto wa kike huoshwa. Jua halitoharishi nguo.

Na kuosha kuna njia yake. Maji ya beseni hayafiki kulateni, takriban lita 200, basi ukitumbukiza humo nguo yenye najisi, maji yenyewe hunajisika. Hivyo mimi huishika chupi juu ya karai na kumimina maji kwa kopo, nikiibinya bila ya kuisokota, mpaka athari yote iondoke. Maji yawe baridi au vuguvugu, kwani ya moto huirudisha tena. Lanolini hutiwa upya baada ya hapo, mara moja kwa wiki mbili au tatu.

Taabu iliyobaki ni kukauka. Wakati wa kusi, na manyunyu yale, chupi moja huchukua siku nzima na zaidi, kwa hiyo asishone mtu chini ya nne. Mimi nilishona tano, na moja niliikata ndogo mno. Mwanasesere wa jirani ndiye aivaaye.